Karatasi ya Pili ya Mama Sawako

Mama mkwe wangu, Sawako, hataki mchezo na vitu viwili: figili zake za kachumbari, na Bwana Hidaka, mbunge wetu. Hidaka alikuja kwenye mazishi ya baba mkwe, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Tangu siku hiyo, ole wako umseme vibaya nyumbani kwetu.

Asubuhi moja mama alirudi kutoka kituoni uso umemsawijika.

"Fumie, wamebandika tangazo. Basi litaondolewa mwezi wa nne. Serikali haitoi tena fedha."

Mara tatu kwa wiki basi hilo humpeleka hospitali, mashine ikamsafishe damu. Akikosa wiki moja tu, tunamzika. Gari hatuna, na mume wangu anafanya kazi Osaka.

"Lakini Hidaka aliahidi!" alilia. "Alinishika mkono huu hapa!"

Nilimwita jirani yetu, Bwana Kuwabara, karani mstaafu wa manispaa. Mpaka leo husaidia kuhesabu kura. Nikammiminia chai.

"Aliahidi kweli," alisema. "Ila chama chake kiliamua kupunguza fedha za mabasi ya vijijini. Bungeni, watu wa chama kimoja kwa kawaida hupiga kura pamoja. Naye akasimama nao."

"Sasa mimi nilichagua nani? Mtu au chama?"

"Vyote viwili, mama. Chama chenye wabunge zaidi ya nusu ndicho kinachotoa Waziri Mkuu na kuendesha serikali. Kisipofika nusu, kinatafuta mwenzake. Vinavyobaki ni upinzani. Vinaihoji serikali na kuleta mipango mingine."

"Yaani wanalipwa kubisha?"

"Wanalipwa kuuliza. Serikali isipoulizwa, inajisahau."

"Mh! Unanichanganya, kijana."

Kijana mwenyewe ana miaka sabini na moja.

"Ndiyo maana unapewa karatasi mbili," aliendelea. "Ya kwanza unaandika jina la mtu. Ya pili unaandika jina la chama."

Mama alikodolea macho kikombe chake.

"Mimi huandika Hidaka kote kote," alisema polepole. "Ili asikose."

"Kumbe ni wewe!" Kuwabara aliruka. "Kila uchaguzi, kwenye karatasi za vyama, tunakuta moja yenye mwandiko mzuri ajabu: Hidaka. Tunaiweka na zilizoharibika. Inatuuma kweli!"

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Mama alikuwa analia.

"Miaka ishirini," alisema. "Nusu ya sauti yangu nimeitupa kwa mkono wangu mwenyewe."

Uchaguzi ulikuwa umebaki wiki tatu. Tulitandaza ilani za vyama mezani, mama akachukua kioo chake cha kukuzia maandishi.

"Hawa wanasema 'kuboresha usafiri'. Kuboresha vipi? Hawa wametaja mabasi ya vijijini. Hawa hata neno hawana. Mbona wote wanatabasamu sawasawa?"

Hidaka alipofanya mkutano kwenye ukumbi wa kijiji, mama alisimama.

"Bwana Hidaka, wewe nakupenda. Chama chako kinasemaje kuhusu basi letu?"

"Mimi binafsi, bibi..."

"Sikuulizi wewe. Nauliza chama."

Ukumbi mzima uliguna. Hidaka alifuta jasho, akageukia swali la mtu mwingine.

Siku ya kura, mama alikaa kibandani mpaka nikapata wasiwasi. Aliandika nini, sijui. Kura ni siri. Ila aliniambia kwamba safari hii, kwenye karatasi ya pili, ameandika jina la chama.

Hidaka alishinda. Chama chake hakikufika nusu, kikalazimika kuungana na chama kidogo. Chama kidogo kikatoa sharti: fedha za mabasi ya vijijini zirudi.

"Sielewi," mama alisema. "Walikataa, sasa wanakubali?"

"Safari hii wanamhitaji mwenzao, mama," Kuwabara alimjibu.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nne, saa moja na dakika kumi, basi lilitokea kwenye kona. Mama alilipiga ubavuni makofi mawili, taratibu.

"Hili nimeliandika mimi," alimwambia dereva, akapanda.