Aliyebisha Usawa wa Magoti

Saa kumi na moja jioni, Novemba ya mwaka 2014, giza limeshaingia, nilikuwa napanda ngazi za jengo letu kule Evere, Ubelgiji, kwenda ghorofa ya sita kumchukua mwanangu. Lifti ilikuwa mbovu, kama kawaida yake. Nilikuwa nimetoka kazini na njaa, na mimi nikiwa na njaa sifai kusemeshwa.

Ghorofa ya nne nikamkuta Maman Victorine, mama wa Lubumbashi, anatia ufunguo wa pili mlangoni kwake.

"Maman Kelly, unaenda kwa ile Indonésienne?"

"Namfuata mtoto."

"Bon. Fanya mbio. Kila mangaribi kuko kintu kinapita hapa ku ngazi. Kinajikokota. Miye, mulango yangu siwezi fungula."

Nikacheka. Victorine husikia mapepo hata kwenye bomba la maji. Nikamtakia jioni njema nikaendelea kupanda.

Huyo Mwindonesia aliitwa Koni. Kila Alhamisi ndiye aliyemchukua Kelly shuleni na kukaa naye mpaka nirudi. Alikuwa ameletwa Ubelgiji na familia ya kibalozi awe yaya wao. Familia ikaondoka, yeye akabaki, na kwa miaka sita alikuwa akihangaikia karatasi za ukaazi. Aliambiwa asitoke nje ya nchi mpaka aitwe. Akitoka, basi, kila kitu kimekwisha. Zilikuwa zimebaki wiki tatu aitwe.

Kwa Kifaransa chetu cha kuokoteza alikuwa amenisimulia kwao. Kisiwa kidogo, mashariki ya mbali huko. Nyumba arobaini zenye mapaa marefu ya nyasi juu ya kilima cha mawe, bila umeme. Meli huja mara moja kwa wiki mbili, bahari ikikubali. Maji ni kushuka bondeni saa nzima, na kupanda saa mbili na dumu kichwani. Simu hushika mahali pamoja tu, nyuma ya kanisa, ukisimama juu ya kaburi la mawe.

Mama yake alianguka kwenye njia ile ya maji mwaka 2011. Habari zilimfikia Koni siku ya kumi na moja.

Na hakuzikwa. Kwao mtu hazikwi mpaka watoto wote wafike. Alikalishwa, magoti kifuani, akafungwa vitambaa vya kufumwa, tabaka juu ya tabaka, akabaki mle ndani pamoja na wanaoishi. Hawasemi amekufa. Wanasema anasubiri. Kila siku anawekewa sahani. Nilisisimka mwili niliposikia, lakini nikafunga mdomo, maana hata sisi Wapare tuna yetu ambayo sitayaeleza hapa.

Miaka mitatu yule mama alikuwa anasubiri mtoto mmoja tu.

Basi, nikafika. Koni alikuwa ametandika mkeka sebuleni, wali na samaki mkavu, Kelly keshaanza kula kwa mikono. Tukaketi. Nilikula kama mtu aliyetoka kifungoni.

Ko. Ko. Ko.

Mlangoni. Lakini chini... chini sana. Usawa wa magoti.

Koni alizima taa kabla sijageuka. Nikauhisi mkono wake gizani umenikamata kifundo.

"Usijibu," akanong'ona.

"Nani?"

"Mama."

Nilitaka kucheka tena. Kicheko kikagoma.

Nje kulikuwa na mkwaruzo wa kitu kizito kinachosogea bila miguu. Shrrr... Kikatulia. Shrrr... Harufu ikapenya chini ya mlango, moshi wa makumbi ya nazi na nguo iliyolowa rangi.

"Tangu mwisho wa Agosti," Koni alisema, mdomo sikioni mwangu. "Kila magharibi. Amechoka kunisubiri. Hawezi kuingia asipoalikwa. Akiingia lazima niondoke naye. Wiki tatu tu, Eva. Nipate karatasi, ndipo niende kumzika."

Tukakaa hivyo, sijui muda gani. Mkwaruzo ukashuka ngazi, ukapotea. Koni akawasha taa. Alikuwa anatoka jasho na dirisha liko wazi. Nikamtania kidogo kumchangamsha, nikamwambia mama yake ana bidii kuliko watu wa idara ya uhamiaji. Akatabasamu. Tukarudi kwenye sahani.

Kelly akakwamwa na mwiba wa samaki. Nikamwinamisha, kidole kimoja kinywani mwake, nikamsukumia tonge la wali alimeze pamoja na mwiba. Akili yangu yote ilikuwa kooni kwa mwanangu.

Ko. Ko.

"Karibu!" nikasema.

Mungu wangu.

Mimi nimelelewa Same. Kwetu kula bila kukaribisha ni uchoyo, na mchoyo anasemwa kuliko mwizi. Awe mpita njia, awe adui, sahani ikiwa mbele yako na mtu akiwa mlangoni, neno linatoka lenyewe. Nililisema huku nimempa mlango mgongo. Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Mlango haukufunguka. Hakuna kilichosogea. Kwa sekunde kadhaa nilidhani nimesalimika.

Kisha ile harufu ikawa ndani.

Kelly akakunja miguu yake, akajisogeza pembeni, kama wanavyofundishwa watoto kumpisha mkubwa. Mkeka ukabonyea pale alipoondoka.

Ukabaki umebonyea.

Nilimnyakua mwanangu nikarudi ukutani. Koni hakupiga kelele. Alimimina maji kwenye glasi, akaisukuma polepole mbele ya pale mahali patupu, akasema maneno ya kwao kwa sauti ya mtoto aliyekosea. Maji yakaanza kupungua. Niliyaona kwa macho yangu mawili haya. Yalipungua mpaka yakaisha, na glasi haikuinuka.

"Nisamehe," nikasema. "Koni, nisamehe."

Hakuniangalia. "Nenda na mtoto. Haondoki bila mtu."

Nikaenda. Sitajipamba hapa: niliteremka mbio, sikugeuka, na moyoni nilishukuru kwamba mtu huyo si Kelly.

Jumamosi magharibi nilisikia hatua ngazini. Nikachungulia kwenye kitundu cha mlango. Koni alikuwa anashuka na begi moja, amevaa koti lake la kazini. Alitembea ameinama upande mmoja, mkono umening'inia chini, kama mtu aliyemshika mkono mzee mfupi sana. Ngazi moja hatua, ngazi moja mkwaruzo. Ningeweza kufungua. Nilisimama na mkono kwenye kitasa mpaka walipofika chini.

Barua yake ya wito ilikuja Jumatatu, kabla ya wakati. Maman Victorine ndiye aliyeniletea, maana sanduku la barua la Koni lilikuwa limejaa.

"Maman Kelly. Ni nani alimukaribisha ile kintu?"

Nikaipokea barua. Alinitazama muda mrefu.

"Ah bon," akasema, akashuka zake.

Usingizi ukanihama. Nilikuwa nikiamka kuhesabu pumzi za Kelly, nikipika bila kula. Nilijipa moyo kwa jambo moja tu: angalau mama atazikwa na mtoto wake yupo. Karatasi zimepotea, kweli, lakini haki ya mzazi imetimia. Nililisema hilo hata kanisani.

Januari simu yangu ikaita, namba ndefu nisiyoijua. Upepo mwingi, na sauti ya mwanamume inayokatika, Kiingereza cha shule. Alisema anaitwa Lende, kaka yake Koni. Namba yangu alipewa na dada yake zamani, ya dharura.

"Dada, Koni yuko wapi? Simu yake haipatikani."

"Amekuja huko," nikasema. "Tangu Novemba. Amekuja kumzika mama."

Upepo tu.

"Meli imekuja mara nne," akasema. "Hakushuka. Na mama tulimzika Agosti."

Niliketi chini pale pale jikoni.

"Mvua ilikatika, mifugo ikafa, wazee wakasema basi, asisubiri tena. Tulifanya kila kitu inavyopasa. Mama amelala vizuri. Koni hatukumwambia, tuliogopa ataacha karatasi zake akimbilie huku." Nilimsikia akihamisha miguu juu ya yale mawe. "Kinachokuja kubisha baada ya maziko si marehemu, na tulijua akiwa peke yake hatakifungulia. Tulimfundisha tangu utotoni, magharibi mtu wa nyumba yetu hajibu mlango. Dada... nani aliyejibu?"

Nikamwambia sijui.

Bado anapiga, kila meli inapofika. Ananiuliza kama Koni amerudi, kisha ananiuliza lile lingine, kwa adabu ile ile. Nami namwambia sijui.