Lango la Nyar Ogwedhi

Asubuhi moja ya mwaka 1996, huko Uriri, Jedidah alikuwa akikoroga uji. Mara akasikia jirani yake Mokeira akipiga kelele.

"Mama Cliff! Ng'ombe wako yuko kwa mahindi yangu tena!"

Yawa! Jedidah akatupa mwiko, akakimbia. Kweli, Nyar Ogwedhi, binti wa soko la Ogwedhi walikomnunua, alikuwa akitafuna bila haya.

"Hii ni mara ya pili," Mokeira alisema. "Ya tatu, naenda kwa chifu."

Jedidah aliona aibu, tena akaogopa. Mumewe Nicanor alishaapa kwamba ng'ombe akiharibu tena, atarudi Ogwedhi kuuzwa. Na maziwa ya watoto je?

Lango la boma lao lilikuwa limelala chini kama mlevi. Nicanor alikuwa amelitengeneza mwezi uliopita kwa mbao nzito za mkaratusi. Alilifunga kwa bawaba ndogo za manjano, maana wageni wakifika boma, lango ndilo wanaloliona kwanza.

"Huyu ng'ombe ana shetani!" alisema Nicanor. "Kesho namuuza."

"Ngoja kwanza. Nitamwita Jerusha."

Jerusha alikuwa fundi wa vyuma pale sokoni. Alilitazama lango, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Baba Cliff, hizi ni bawaba za kabati! Na skrubu fupi hivi!"

"Lakini zinang'aa," Nicanor alinung'unika.

"Ng'ombe hajitazami kwa kioo. Lango zito linataka bawaba ndefu za chuma kilichopakwa zinki, zisishikwe na kutu. Usitumie skrubu. Toboa nguzo, pitisha bolti, kaza nati upande wa pili."

"Na hiki kitanzi cha waya cha kufungia?" aliuliza Jedidah.

"Anakiinua kwa pembe. Weka komeo la chuma lenye pini. Halafu lango lifunguke kuja ndani. Akisukuma, analifunga mwenyewe!"

Walifanya hivyo. Kesho yake Nyar Ogwedhi alijaribu pembe, akajaribu kifua, akachoka, akarudi kwa nyasi zake. Jedidah alicheka peke yake kwa furaha. Zile bawaba za manjano Nicanor alizifunga kwenye kabati la vyombo, na kweli zilipendeza.

Mavuno yalipofika, Mokeira alisimama langoni na mzigo wa mabua ya mahindi.

"Nyar Ogwedhi, hodi!" aliita. "Leo nimekuletea mwenyewe."

Jedidah akatoa pini, akamfungulia jirani yake.