Maziwa Yaliyompalia Saning'o

Saning'o wa kijiji cha Tindiga alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Kila asubuhi mkewe, Namelok, alikamua ng'ombe na kumnywesha maziwa. Kila asubuhi Saning'o alipaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Ndugu walisema anadeka. Ndani ya miezi miwili aliugua homa ya mapafu mara mbili.

Namelok akampeleka zahanati.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, Mama Lois."

Nesi Agatha alimkalisha mgonjwa wima, akampa kijiko kimoja cha maji. Saning'o akakohoa.

"Hadeki," alisema Agatha. "Koo lake linachelewa kufunga njia ya hewa. Maji na maziwa hukimbia, yakaingia mapafuni. Anahitaji kinywaji kizito, kinachokwenda polepole."

"Kizito kiasi gani?"

"Tusikisie. Tupime."

Alichukua bomba la sindano la mililita kumi, akaondoa sindano na kijiti cha kusukumia. Akaziba ncha kwa kidole, akajaza maji mpaka kumi. Aliachia kidole kwa sekunde kumi. Maji yote yakatoka. Kisha akapima vivyo hivyo uji wa maziwa uliochujwa. Zilibaki mililita sita.

"Ule ugumu wa kutiririka unaitwa mnato," alisema. "Kwa Baba Lois, zibaki kati ya nne na nane. Pima uji ukiwa umepoa. Ukiwa moto huwa mwepesi, utakudanganya."

Namelok alilitazama lile bomba.

"Mama mkwe naye alipata kiharusi, mwaka jana. Alikohoa hivi hivi. Hospitalini walisema tumpe maji mengi. Akikohoa, nilimwongezea, mpaka tukamzika."

"Pole sana. Mlipaswa kuambiwa."

"Kipimo chenyewe ni sekunde kumi, nesi. Hakukuwa na mtu mwenye sekunde kumi?"

Agatha alilisuuza bomba, akamkabidhi.

Tangu siku hiyo Namelok hupima kila kinywaji. Saning'o haugui tena mapafu. Sasa anakwenda na fimbo mpaka zizini.

Juzi Namelok alisikia kwamba jirani yao mkulima, mzee Amon, ametoka hospitali baada ya kupata kiharusi. Alikwenda bila kuitwa. Alimkuta binti wa mzee, Hildegarda, akimnywesha baba yake maji kitandani, naye mzee anakohoa.

"Acha kwanza," alisema Namelok. "Mwinue akae. Hospitalini wamekueleza nini kuhusu kumeza?"

"Hakuna kitu."

"Basi twende naye kwa Agatha sasa hivi, apimwe."

Waliporudi, Hildegarda alimshika Namelok mkono. "Ahsante, mama."

"Usinishukuru," alisema Namelok. "Mimi nilijua baada ya kuzika."