Kadi ya Picha za Jubilei

Kila Jumapili baada ya misa, Careen na mama yake hawakwenda nyumbani moja kwa moja. Walipitia studio kwanza. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja tu pale Bombambili, chenye pazia la bluu, stuli ya kukalia mteja, kompyuta ya zamani, na feni ambayo kwa baridi ya Songea ilikuwa pambo la ukutani. Mama yake, Lidwina, alikuwa mpiga picha. Harusi, ubatizo, kipaimara, picha za pasipoti, zote alipiga yeye, na mtaa mzima ulimwita Mama Picha.

Careen alikuwa darasa la sita, na kwenye kompyuta alikuwa mwepesi, hilo hatumnyimi. Kasoro yake ilikuwa moja: haraka. Alikula haraka, alifua haraka, hata sala ya usiku aliisali mbiombio, "Amina" ikafika kabla malaika mlinzi hajakaa vizuri kumsikiliza.

Jumapili hiyo kamera ilikuwa na mzigo mzito. Jana yake mama alikuwa Matogoro, kwenye jubilei ya miaka hamsini ya ndoa ya Babu Valeriani na Bibi Kunegunda. Wazee hao hawakuwa na picha hata moja ya harusi yao. Siku walipofunga ndoa, mpiga picha aliyeahidi kuja alikwama kwenye matope njiani, akatokea kesho yake, gauni la kuazima likiwa limesharudishwa kwa mwenyewe. Kwa hiyo kwenye jubilei watoto wao walimvisha mama yao shela jeupe. Bibi akasimama mbele ya altare na mumewe, akasema kwa sauti, "Leo na mimi nitakuwa na picha ya harusi!" Kanisa zima likapiga vigelegele.

"Careen," mama alisema akivaa kitenge chake vizuri, "mimi nakwenda kwenye kikao cha kwaya. Zihamishie hizo picha kwenye kompyuta. Unakumbuka tunafanyaje?"

"Nakopi, sikati."

"Kwa nini?"

"Nikikopi, picha zinabaki kwenye kadi mpaka nione kwa macho yangu kwamba zimefika. Nikikata, zinaondoka huku kabla sijajua kama zimefika kule."

"Haya, mwalimu. Bibi Kunegunda atakuja kuziona leo hii, kwa sababu wanawe wanaondoka kesho."

Mama akaondoka. Careen akaunganisha kamera na kompyuta kwa waya. Kimya. Kompyuta haikuona kitu. Akahakikisha kamera imewashwa, akachomeka waya kwenye tundu jingine, akauchomoa, akaupuliza, akaurudisha. Wapi! Waya ule ulikuwa umechoka siku nyingi. Basi akafanya alichomwona mama akifanya: akazima kamera, akatoa memori kadi, akaichomeka ubavuni mwa kompyuta. Picha hizoo! Babu, bibi, wacheza ngoma ya lizombe, wajukuu, keki. Mpaka hapo mtoto alistahili sifa.

Ndipo Pamela, rafiki yake, akachungulia dirishani. "Careen! Tumeshapanga timu ya rede, tunakusubiri wewe tu!"

"Nakuja sasa hivi!"

Careen akawaza kwamba akikopi, atalazimika kuzikagua picha zote, kisha arudi kuzifuta kwenye kadi. Akikata, kazi zote zinaisha kwa mkupuo. Akakata. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa polepole kwenye kioo, ukafika katikati, ukasimama. Nje Pamela akaita tena. Careen hakungoja. Akaichomoa kadi.

Lo! Kompyuta ikalia. Careen akafungua folda kuona picha zilizofika. Zilikuwa chache, na zote za kijivu tupu, hazifunguki. Akairudisha kadi mbiombio, na kiboksi cha Kiingereza kikatokea, kimejaa maneno. Sasa, kaka yake Pamela, anayeitwa Rupert, alikuwa amewafundisha watoto wa mtaa ule elimu moja ya ajabu: kompyuta ikikuuliza kitu, wewe bonyeza "Yes", mambo yaishe. Careen akabonyeza "Yes". Na kweli mambo yaliisha. Kadi ikafunguka, nyeupe, safi, haina picha hata moja. Maskini, alikuwa ameikubalia kompyuta iisafishe kadi yote.

Hakwenda tena kwenye rede. Alikaa kwenye stuli ya wateja hadi aliposikia viatu vya mama mlangoni.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mama," alidanganya.

Mama hakushuku kitu. Aliichukua kadi, akaitia kwenye kamera. Kabla hajavua hata kitenge, sauti ikasikika barazani. "Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina! Karibu mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa Bibi Kunegunda, amekuja na kitukuu chake mgongoni, mtoto mnono aliyefungwa kwa khanga. Careen aliamkia kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umepoa? Mimi sijalala vizuri kwa furaha! Mwenzako babu kashapigilia msumari ukutani tangu alfajiri. Nikamwambia, wewe mzee, picha yenyewe haijatoka, msumari wa nini? Akasema msumari utangulie, usije ukakosa nafasi." Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. "Lakini Mama Picha, kabla hujanionyesha, nipigie picha huyu mtoto. Kesho wanamrudisha Mbeya, nami sijui nitamwona lini."

"Bila shaka, mama. Mweke hapa kwenye stuli."

Mama akainua kamera. Careen akamtazama bibi akimweka sawa mtoto, akaufikiria ule msumari uliokuwa ukutani peke yake. Alijua akinyamaza, lawama itaangukia kadi, au waya, au umeme, na hakuna atakayemshuku. Lakini alishindwa. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Mama, usipige! Picha za bibi hazipo! Nimezipoteza mimi!"

Kidole cha mama kilikuwa tayari kwenye kitufe. Akakiondoa. Badala ya kufoka, akazima kamera, akaitoa ile kadi haraka, akaifumbata kiganjani kama mtu aliyeokota kifaranga.

"Sema yote," alisema. "Usiruke hata kitu kimoja."

Careen akasema yote: waya, Pamela, kukata, kuchomoa, kiboksi, na "Yes". Alisema pia kwamba alidanganya. Bibi Kunegunda alikaa chini taratibu, amempakata mtoto, uso wake umezimika.

"Mama, nisamehe kwa haya," Lidwina alimwambia bibi. "Naomba utusubiri hapa. Careen, twende kwa fundi."

Fundi Kajetani alikuwa akitengeneza kompyuta mjini, karibu na soko. Siku hiyo hakufungua duka, lakini aliishi nyuma yake. Walimkuta anakula ugali. Alipoisikia habari, swali lake la kwanza halikuwa "nani kafanya".

"Mmepiga picha nyingine kwa kadi hii?"

"Hapana," mama alijibu. "Ilibaki kidogo tu nipige."

"Basi tumaini lipo." Akanawa mikono. "Binti, umewahi kuweka khanga kwenye benchi la kanisa kumshikia mtu nafasi?"

"Ndiyo, sikukuu ya Krismasi."

"Kadi nayo huweka alama ya namna hiyo, kwamba hapa pamekaliwa. Wewe ulipobonyeza 'Yes', uliziondoa khanga tu. Picha bado zimekaa mle ndani, ila kompyuta inadhani benchi ni tupu. Mama yako angempiga picha yule mtoto, angekuja kukalishwa palepale alipokaa bibi, na bibi tusingemwona tena kabisa."

Kumbe kidole cha mama pale studio kilikuwa kimebakiza kidogo tu kumaliza kila kitu.

Fundi akaichomeka kadi kwenye kompyuta yake, akafungua programu ya kutafuta picha zilizofutika. Wakangoja. Ilitokea picha ya miguu ya wacheza lizombe. Ikafuata ya wajukuu, ya padre, ya sufuria za wapishi. Nyingine zilikatika nusu, chini kijivu. Za keki hazikutokea hata moja. Kila picha iliyokuja, Careen alinyoosha shingo, na kila mara haikuwa yenyewe. Safari hii alisali bila haraka.

"Hii hapa," fundi alisema.

Bibi Kunegunda katika shela jeupe, Babu Valeriani kamshika mkono, nzima kutoka juu hadi chini. Lidwina akashusha pumzi ndefu, akamshika binti yake begani. Careen akalia kwa sauti, safari hii kwa furaha.

Fundi alizikopi zote kwenye kompyuta yake, akazifungua moja moja kuzikagua, kisha akawawekea kwenye flashi. Kadi yenyewe aliiacha kama ilivyo. "Usichomoe kitu kompyuta ikiwa kazini," alimwambia Careen. "Na kiboksi usichokielewa, mwite mkubwa akusomee."

Waliporudi Bombambili, mama alisimama kando. "Zungumza na bibi mwenyewe."

Careen akapiga goti. "Bibi, picha yako na babu imepatikana. Lakini za keki zimepotea kabisa, kwa sababu yangu. Naomba unisamehe."

Bibi aliitazama picha kwenye kioo muda mrefu. Kisha akaanza kutikisika kwa kicheko. "Keki? Keki tulishaila, mjukuu wangu! Ya nini kuitundika? Lakini mtazame mume wangu, kafumba macho! Miaka hamsini namngoja mpiga picha, yeye anasinzia!" Akamwinua Careen. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ungeficha mpaka mwisho, ule msumari ungebaki bila kazi. Kuharibu uliharibu. Ila ulisema wakati bado kuna dawa."

Picha ilichapishwa siku hiyohiyo. Mama akasema Careen ndiye ataipeleka Matogoro kwa mikono yake, na kwa muda atakaa kando ya kompyuta bila kuigusa, akitazama tu jinsi picha zinavyokaguliwa. Careen hakunung'unika.

Zilipita Jumapili kadhaa. Siku moja, baada ya misa, mama akavaa kitenge chake, akamwekea kadi kiganjani, picha za kipaimara zikiwa ndani.

"Mama, unaniachia mimi?"

"Nakuachia wewe. Zamani nilikuwa na mtoto anayejua kompyuta, na nilidhani hilo linatosha. Sasa najua kitu kikiharibika nitaambiwa mapema, na cha kuambiwa mapema mara nyingi hutengenezeka. Mtu wa hivyo ndiye anayeachiwa kazi, mwanangu, hapa studio na popote utakapokwenda."

Mama akatoka. Pamela akaita dirishani. Careen akachagua kukopi, akakunja mikono, akautazama mstari wa kijani unavyotambaa.

"Nitakuja," alijibu. "Bado hazijafika."