Kigari Chekundu cha Winnie

Bernadeta na mumewe Masele wanaishi Kiseke, jijini Mwanza. Nyumba yao ndogo iko mlimani, katikati ya mawe makubwa. Asubuhi, ukisimama kibarazani, unaona ziwa na mitumbwi ikirudi na dagaa.

Masele hufanya kazi katika kiwanda cha sabuni, Nyakato. Bernadeta hufua mashuka katika nyumba ya wageni. Mtoto wao Winnie, mwenye miezi kumi, huenda kazini na mama yake, mgongoni.

Siku moja mgeni aliacha jarida chumbani. Lilikuwa jarida la malezi ya watoto, zito, lenye kurasa za kung'aa. Bernadeta aliruhusiwa kulichukua.

Jioni alilifungua mkekani. Kila mtoto pichani alikuwa na chumba chake. Alikuwa na kitanda cha lesi, kiti cha kulia, na kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea. Mjini wengi hukiita woka.

"Baba Winnie, hebu ona," alisema. "Wenzetu wanalea. Wetu anachezea mfuniko wa sufuria."

"Si anafurahi?" Masele alijibu.

"Anafurahi kwa sababu hajui. Sisi tunajua."

Masele aliangalia zile picha kwa muda. "Kule kwetu Misungwi tulicheza na magunzi ya mahindi," alisema. "Mama aliyavalisha vitambaa. Dada yangu alibeba gunzi lake mgongoni kutwa nzima. Likipotea, nyumba nzima hailali."

"Hayo ya zamani," Bernadeta alisema. Lakini naye alitabasamu. Alimkumbuka mama yake kule Kwimba, akipepeta mtama huku akiimba, na watoto wakicheza kwenye makapi.

Hata hivyo, moyo wake haukutulia. Kila siku alilifungua jarida lile. Mwishowe walikubaliana kununua kigari. Ili kipatikane, ilibidi wabane matumizi. Mayai ya Winnie hayakununuliwa tena. Maziwa yalinunuliwa mara chache. Alikula uji mtupu.

Kigari kilifika. Kilikuwa chekundu, na kilipiga muziki. Winnie alikimbia nacho sebuleni akicheka. Bernadeta alimpiga picha, akamtumia mama yake.

Jumamosi moja Bernadeta aligeuka kidogo tu kuepua uji. Mlango ulikuwa wazi. Alisikia muziki wa kigari ukitoka nje. Kisha akasikia kishindo.

Winnie alikuwa ameanguka chini ya ngazi za kibaraza, juu ya mawe. Damu ilimtoka kwenye paji la uso.

"Masele! Mtoto!"

Masele alimwinua. Bernadeta alikandamiza kidonda kwa kitambaa safi. Wakakimbia hadi zahanati. Huko walimkuta Nesi Prudencia, jirani yao, mama mtu mzima kutoka Bukoba.

"Shikamoo, mama," Bernadeta alisema huku akilia.

"Marahaba. Nipe mtoto. Alizimia? Ametapika?"

"Hapana, alilia palepale."

Nesi alisafisha kidonda, akakishona. "Mwangalieni sana," alisema. "Akitapika, akilegea, akishindwa kuamka vizuri au akipata degedege, mkimbizeni hospitali mara moja."

Kisha alimpima uzito. Akaangalia daftari la zahanati. "Uzito wake haujaongezeka tangu mara ya mwisho. Anakula nini?"

Bernadeta alieleza yote, mpaka habari za jarida.

Kesho yake Nesi Prudencia alikuja kumtazama mtoto. Aliketi mkekani, akakiangalia kigari.

"Hiki hakimfundishi mtoto kutembea," alisema. "Humo ndani anasukuma kwa ncha za vidole. Hajifunzi kujishika asianguke. Na kinakwenda mbio kuliko mama anavyoweza kumfikia. Mtoto anajifunza kutembea akikaa chini, akitambaa, akijivuta na kusimama mwenyewe."

"Basi tukiuze," Bernadeta alisema.

"Ili kimwangushe mtoto wa nani?"

Masele alichukua bisibisi yake, akaanza kukifungua kigari magurudumu.

Nesi alifunua jarida. "Kurasa nyingi hapa ni matangazo," alisema. "Wanauza vitu. Si vibaya kutazama, lakini usipime malezi yako kwa picha. Na huu ukurasa, uliusoma?"

"Hauna picha. Niliuruka."

"Unasema uongee na mtoto, umwimbie, ucheze naye. Hiyo ni kweli, na ni bure. Mimi kule Bukoba nilikuwa na mwanasesere wa majani makavu ya mgomba. Bibi alinitengenezea. Mpaka leo nikinusa migomba iliyolowa mvua, namwona bibi." Alifunga jarida. "Sasa, pesa mlizokuwa mkiweka kwa ajili ya vitu hivi zirudisheni kwenye sahani yake. Yai, dagaa waliosagwa, mchicha, maziwa. Na endelea kumnyonyesha."

Jioni hiyo Masele alisimika vijiti viwili nyuma ya nyumba, penye mchanga laini. Juu yake alilaza na kufunga mti aliouparua vizuri, usawa wa kifua cha mtoto.

"Baba alitutengenezea kama huu," alisema. "Sote tulijifunza kusimama kwa kuushika, mmoja baada ya mwingine."

Wiki zilipita. Winnie alikula yai na dagaa. Uzito ukapanda. Kila jioni alishika mti ule na kusogea hatua kwa hatua, wazazi wakiwa karibu. Bernadeta alimwimbia kwa Kisukuma. Maneno mengine alikuwa ameyasahau, Masele akamkumbusha.

Jumapili moja Winnie aliuachia mti. Akasimama. Kisha akatembea mpaka kwa mama yake, akamwangukia mapajani.

Bernadeta alipiga simu Kwimba. "Mama, Winnie anatembea!"

Mama yake alipiga vigelegele. Kisha akasema, "Weka simu chini, mwanangu. Niache nisikie miguu yake."

Bernadeta alimbeba Winnie hadi ndani, akaweka simu sakafuni. Winnie alitembea kuizunguka, pekupeku, pa, pa, pa. Kule Kwimba, bibi alisikiliza kimya.