Mgongoni Umesikia Nini?

Kila asubuhi, kabla mama hajamaliza kuchemsha chai ya maziwa na chumvi, Solongo alikuwa tayari nje ya hema lao la sufi, akiwafungua farasi kutoka kwenye kamba ndefu iliyofungwa kati ya nguzo mbili. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, mwembamba na mwepesi, na wepesi huo ndio uliokuwa fahari yake. Kwao, farasi wa mbio hupandwa na watoto.

Baba yake, Ganzorig, alisifiwa bonde zima kwa kufunza farasi, lakini mwili wake mzito haukumruhusu tena kuwapanda wakikimbia. Kwa hiyo Solongo aliporudi kutoka mazoezini, baba alimshusha, akachukua kibao chembamba na kumkwangua farasi jasho. Alilitazama jasho likichuruzika, kisha akauliza swali lile lile la siku zote: "Mgongoni umesikia nini?"

Solongo alimweleza yote: farasi alivyopumua, alivyopanda mwinuko, mahali aliposita. Baba aliamini kila neno. Hakuna mtu mwingine aliyemsikiliza Solongo namna ile.

Mwaka huo alipewa kumpanda Mwekundu, farasi wa miaka mitano mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso. Mwekundu alipenda kumvuta Solongo mkono wa koti kwa midomo yake. Mwenye farasi huyo alikuwa Bwana Dorjpalam, tajiri wa mjini aliyekuwa na farasi sita mikononi mwa Ganzorig. Alikuja kila wiki na gari kubwa, akicheka, mifuko imejaa peremende za watoto. Lakini Solongo hakuwahi kumwona akimgusa farasi. Alichogusa ni saa yake ya kupimia mbio.

Siku tisa kabla ya Naadam, sikukuu ya kiangazi yenye mbio kubwa za farasi, Solongo alikuwa akirudi kutoka mazoezini aliposikia kitu kipya. Kila Mwekundu alipokanyaga kwa mguu wa mbele wa kushoto, hatua ilikuja fupi, kama mtu anayetembea pekupeku juu ya changarawe. Solongo alishuka nyuma ya kilima, akaushika mguu. Ulikuwa na joto kama birika.

Alipanda tena na kwenda nyumbani polepole, akijiambia kwamba atasema. Lakini pale kwenye kamba alimkuta binamu yake, Temulen, ambaye naye angeshindana.

"Umefika?" Temulen alimtania. "Nilidhani mmelala njiani. Mwaka jana ulikula vumbi langu, mwaka huu nitakuletea na kijiko."

Bwana Dorjpalam naye alikuwepo. Alimpa Solongo peremende, akamwambia kwamba mshindi ataonyeshwa kwenye televisheni nchi nzima.

Baba alimshusha. "Mgongoni umesikia nini?"

"Yuko sawa, Baba," Solongo alisema. "Anakwenda vizuri sana."

Baba alimtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akainama, akaufunga mguu ule kwa kitambaa.

Asubuhi ya mbio, mtu wa Bwana Dorjpalam alikuja na sindano, akamdunga Mwekundu. Baba alikuwa ameinama akikaza mkanda wa tandiko ambao ulikuwa umekwisha kukazwa.

Mbio zilikuwa za kilomita ishirini na tano. Watoto waliimba wimbo wa kuwaamsha farasi, bendera ikashuka, nyika yote ikanguruma. Mwekundu hakuchechemea hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Solongo. Mguu ule haukuwa umepona. Ulikuwa umenyamazishwa tu. Solongo aliwaza kuvuta hatamu, lakini mbele alimwona Temulen, naye akaiacha mikono yake ilivyo.

Zilipobaki kilomita tatu, alisikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjika. Mwekundu alikimbia hatua chache kwa miguu mitatu, kisha akaanguka kifudifudi. Solongo alitupwa kwenye majani. Alipoinua kichwa, aliona jambo ambalo hakuweza kulisahau: Mwekundu alikuwa akijaribu kusimama, masikio yameelekea kule wenzake walikokwenda.

Gari kubwa lilifika, Baba akiwa ndani. Bwana Dorjpalam alimwangalia farasi, akaitazama saa yake, akairudisha mfukoni.

"Huyu amekwisha," alisema. "Ganzorig, kati ya waliobaki, yule wa kijivu mtayarishe kwa mbio za vuli."

Kisha gari likaondoka kuelekea kwenye sherehe. Ganzorig alipiga magoti, akakipakata kichwa cha Mwekundu na kumfunika macho kwa kofia yake, mpaka daktari wa mifugo alipokuja kumpumzisha milele.

Siku tatu Solongo hakula vizuri. Siku ya nne alimfuata baba kwenye kamba, akamwambia kila kitu: hatua fupi, joto la mguu, na uongo wake. Alingoja kugombezwa.

Baba aliketi chini. "Nilijua," alisema kwa sauti ndogo. "Nilipoufunga, mguu ule ulikuwa ukiwaka. Nilikuuliza nikitumaini utanijibu ninachotaka kusikia. Wewe ulidanganya kwa sababu ni mtoto. Mimi nilinyamaza nikiwa mtu mzima. La kwangu ni zito zaidi, mwanangu."

Walilia pamoja, kila mmoja akitazama upande wake.

Vuli ilipofika, Bwana Dorjpalam alirudi kumwona wa kijivu. Solongo alimkimbiza, akarudi, na baba akamshusha mbele ya watu wote. "Mgongoni umesikia nini?"

Alijua farasi wale sita, sasa watano, ndio waliokuwa kazi ya baba. "Anakohoa akipanda mwinuko," alisema. "Pumzi inachelewa kurudi. Hafai kukimbia, Baba."

Bwana Dorjpalam alicheka. "Siku hizi mambo yanaamuliwa na watoto?"

"Huyu ndiye aliyekuwa mgongoni," Ganzorig alijibu, akamvua farasi hatamu. "Hakimbii. Na hapa hakuna farasi atakayedungwa sindano tena."

Jioni ile lori liliwachukua farasi wanne. Wa kijivu aliachwa, kwa kuwa tajiri hakuona faida ya kumsafirisha mgonjwa. Kamba ilionekana ndefu mno. Mama alitazama nguzo zile mbili, kisha akaenda kumpelekea wa kijivu maji.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, walipanda kilimani na fuvu la Mwekundu, wakaliweka juu ya rundo la mawe la kuwaenzi farasi wa mbio na kulifunga kitambaa cha buluu cha heshima. Temulen aliwasaidia kubeba. Hakutania tena.

"Mjomba," aliuliza taratibu, "hapa si huwekwa washindi tu? Mwekundu hakumaliza."

"Alitupatia kila alichokuwa nacho," Ganzorig alisema. "Sisi ndio hatukumpa chochote. Farasi hawezi kusema mguu unamuuma. Anao watu wawili tu wa kumsemea, aliye mgongoni na aliye chini. Wakinyamaza wote wawili, hana mtu. Mkumbuke hilo mtakapokuwa wakubwa na wanyama wenu wenyewe."

Solongo alikaza fundo la kitambaa. Chini bondeni, wa kijivu alikohoa mara moja, akatikisa kichwa, akaendelea kutafuta majani chini ya theluji.