Diwani na Taa ya Sola

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Scholastika alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuchota maji kwenye tangi la mvua, na kumtoa Diwani nje aote jua. Kazi mbili za kwanza alizifanya bila kukumbushwa. Ya tatu ndiyo iliyomtia matatani.

Diwani alikuwa kobe, na wala hakuwa wa Scholastika. Alikuwa wa Huruma, rafiki yake wa darasa la sita, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwao, katika kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Newala. Kobe huyo alikuwa bado mdogo, anaenea kwenye kiganja cha mtu mzima, lakini alitembea polepole huku ameinua shingo, kama mtu anayejua kuwa mkutano hauwezi kuanza bila yeye. Ndiyo maana Huruma akampa jina hilo.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita Huruma alianguka kutoka juu ya mkorosho akavunjika mguu. Alipelekwa hospitali ya Ndanda, na ikaonekana atakaa huko muda mrefu. Kabla gari halijaondoka alimwita Scholastika dirishani. Uso wake ulikuwa umejaa jasho kwa maumivu.

"Skola, nakuachia Diwani. Kila siku mtoe juani, na kivuli kiwepo karibu. Usisahau."

"Siwezi kusahau," Scholastika alisema, naye alisema kweli tupu.

Wiki nne za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha kipupwe kikaingia. Watu wa uwanda huo wa juu wanajua baridi ya mwezi wa saba: ukungu unafunika mikorosho mpaka saa nne, na kutoka kitandani ni vita. Jua nalo likichomoza, ilibidi Scholastika amlinde Diwani asipotee. Jumamosi moja alimwacha kidogo tu, akaja kumpata baada ya saa mbili, amejifukia chini ya majani makavu ya mkorosho. Siku hiyo wenzake walicheza netiboli bila yeye, wakafungwa, na lawama zote zikamwangukia.

Wiki hiyohiyo baba yake akaanza kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, shambani. Vumbi lake la njano lilitua kila mahali, na mama akasema, "Diwani asiende mikoroshoni mpaka salfa itulie. Mtoe hapa uwanjani tu."

Scholastika alisikia nusu ya kwanza ya maneno hayo, nusu ya pili akaiacha ipite. Alimtia Diwani ndani ya boksi, akampeleka stoo, nyuma ya magunia matupu. Halafu akapata wazo ambalo alilifurahia sana. Nyumbani kulikuwa na taa ndogo ya sola, iliyoanikwa juu ya bati mchana kutwa. Taa hii, aliwaza, inakula jua siku nzima. Basi ikiwaka, si inamwaga jua lilelile? Akaitundika juu ya boksi kila jioni, akampa Diwani majani ya maboga, akaenda zake. Alijiona ana akili kuliko wote.

Huruma alipiga simu kila Jumapili kwa simu ya mama yake, aliyekuwa akimuuguza hospitalini.

"Umemtoa leo?"

"Nimemtoa," alijibu Scholastika. Mara ya kwanza neno hilo lilimkwama kidogo. Mara ya tatu lilitoka lenyewe. Mama alipouliza jibu lilikuwa hilohilo, na mama, aliyeshinda shambani, hakuwa na sababu ya kumtilia shaka.

Wiki zikapita. Diwani akapunguza kula, kisha akaacha. Macho yakavimba, na hata akiguswa hakurudisha kichwa upesi. Scholastika aliona yote hayo. Alijiambia ni baridi tu.

Jumapili moja ya mwezi wa nane Huruma alipiga simu akiwa na furaha tele.

"Skola, Jumamosi narudi. Unajua, nesi hunitoa barazani kila asubuhi niote jua. Nikikaa pale nawaza, na Diwani saa hizi anaota jua kwa Skola. Basi siumii sana."

"Ndiyo," Scholastika alisema. "Anaota."

Alipokata simu alikwenda stoo moja kwa moja. Alimnyanyua Diwani na kubonyeza ukingo wa gamba lake kwa kidole gumba. Gamba likabonyea. Gamba la kobe halipaswi kubonyea, hilo hakuhitaji kufundishwa na mtu. Alikaa chini juu ya magunia akalia kwa aibu, akijichukia, na kila alipofumba macho aliisikia sauti ya Huruma ikisema haumii sana.

Alimwita mama, lakini alisema nusu tu. "Mama, Diwani anaumwa."

Kesho yake mama alimpeleka yeye na kobe kwa Bwana Abdulatifu, afisa mifugo wa kata, mtu mpole asiyependa kuharakishwa. Walimkuta ofisini kwake akiandika.

"Shikamoo, bwana mifugo," Scholastika aliamkia.

"Marahaba, binti. Hujambo, Mama Skola? Leo mmeniletea Diwani mwenyewe?" Alimgeuza kobe taratibu, akabonyeza gamba, akaguna. "Anakaa wapi huyu?"

"Anatolewa juani kila siku," mama alijibu kwa uhakika. "Skola ndiye anayemtoa."

Bwana Abdulatifu alikunja uso. "Kama jua anapata, basi siyo ninavyofikiri. Itakuwa minyoo. Nitampa dawa kali kidogo. Kwa udhaifu huu anaweza kuihimili, anaweza asiihimili." Akafungua kabati, akatoa chupa.

Scholastika aliitazama ile chupa. Angeweza kunyamaza. Mama angeendelea kumwamini, Huruma asingejua kamwe, na kama Diwani angekufa, ingesemwa ni minyoo. Bwana Abdulatifu alikuwa tayari anavuta dawa kwa bomba la sindano.

"Usimpe," alisema. "Hajaona jua tangu mwezi wa saba. Nilimweka stoo. Nilimwashia taa ya sola. Mama, nilikudanganya. Na Huruma pia."

Mama alimtazama tu, na Scholastika angependa zaidi achapwe.

Bwana Abdulatifu aliweka bomba mezani. "Kaa, binti. Hiyo taa inatoa mwanga wa kuonea tu. Kobe anataka vitu viwili kwenye jua: joto la kumwezesha kusaga chakula, na miale inayomwezesha kutengeneza vitamini D mwilini. Bila vitamini hiyo hata ale nini, mifupa na gamba hulainika. Miale hiyo haimo kwenye taa ya kawaida, na hata kioo cha dirisha huizuia. Wafugaji wa nchi zenye jua haba hununua taa maalumu. Sisi jua tunalo bure."

"Atapona?" Scholastika aliuliza.

"Sijui. Tumewahi kidogo kwa sababu umesema."

Aliwaelekeza: jua la asubuhi kila siku, kivuli pembeni, maji ya vuguvugu kwenye sahani, na maganda ya mayai yaliyosagwa juu ya majani.

Jumamosi Huruma alifika na magongo. Scholastika alimngoja uwanjani kwa kina Huruma akiwa na Diwani, na kabla ya kumpokea mzigo alimweleza yote, tangu boksi mpaka simu za Jumapili. Huruma alisikiliza hadi mwisho.

"Na siku ile niliyokwambia habari za nesi?"

"Siku ile pia alikuwa stoo."

Huruma alimchukua Diwani akaingia ndani. Siku nne hakumsemesha Scholastika. Hata hivyo kila asubuhi, ukungu uwepo usiwepo, Scholastika alikwenda na sahani ya maji, akachuchumaa uwanjani pale akimlinda kobe. Siku ya tano Huruma alitoka akisukuma vigoda viwili kwa gongo. Hakusema amemsamehe, alisema tu, "Kaa, utachoka."

Mwisho wa mwezi wa kumi Bwana Abdulatifu alipita na pikipiki. Alibonyeza gamba la Diwani, na gamba halikubonyea. Diwani akatoa kichwa, akamtazama kwa dharau, akaendelea kutafuna jani la boga.

"Asante, bwana mifugo. Umemponya," alisema Huruma.

"Mimi sikumpa hata tone la dawa," alijibu. Kisha akamgeukia Scholastika. "Nikumbushe, siku ile nilishika nini mkononi?"

"Dawa ya minyoo."

"Nami ningempa, kwa sababu niliambiwa anapata jua. Mnyama hawezi kuniambia anapoumwa wala anapolala. Anayemfuga ndiye anayemsemea. Wewe ukidanganya, yeye hana mwingine wa kumsemea. Kosa la uvivu tungeweza kulitibu mapema sana. Uongo ndio uliokaribia kumuua."

"Nimekuelewa, bwana mifugo," Scholastika alisema kwa sauti ndogo.

Huruma alimnyanyua Diwani, akamweka mapajani mwa Scholastika. "Wiki ijayo naenda Ndanda kuangaliwa mguu," alisema. "Utakaa naye."